Maji Yanayopumzishwa: Historia ya Kusukuma Maji kwa Vipindi katika Visima vya Mafuta

Uingizaji wa maji ardhini ili kutoa mafuta ghafi ulianza kwa bahati. Mwaka 1865, huko Pithole, Pennsylvania, maji ya tabaka za juu yalivuja ndani ya visima na kuteremka hadi kwenye mwamba wenye mafuta. Wachimbaji waliyaona kuwa balaa. Mwaka 1880 mwanajiolojia John F. Carll aliandika kwamba huenda maji hayo yakasaidia kutoa mafuta yaliyobaki, lakini sheria ya jimbo ilikataza kuyaingiza, na wenye visima vya Bradford, jimboni humo, wakawa wakiyaingiza kwa siri mpaka ruhusa ilipotolewa mwaka 1921.

Kanuni iliyofuatwa baadaye ilikuwa kusukuma maji bila kukatiza. Ilikwama Spraberry, magharibi mwa Texas, kulikogunduliwa mafuta mwaka 1949. Mwamba wa huko, zaidi ya mita 2,000 chini ya ardhi, umebana mno, tena umejaa nyufa. Visima vilitoa mafuta kwa nguvu mwanzoni, kisha vikafifia upesi. Maji yaliposukumwa yalishika njia rahisi ya nyufa, yakayapita mafuta yaliyofungwa ndani ya jiwe.

Hata hivyo jiwe hilo lina kiu. Hunyonya maji kama utambi wa kibatari unavyonyonya mafuta ya taa, na maji yakiingia, mafuta hutoka. Watafiti Brownscombe na Dyes walilieleza jambo hilo mwaka 1952. Kasoro yake ni kwamba linakwenda polepole mno kwa biashara.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la vipindi. Katika eneo la Driver, sehemu ya Spraberry, maji yalisukumwa kwa nguvu zote mpaka shinikizo la mwamba likarudi juu, kisha yakafungwa huku visima vikiendelea kutoa. Shinikizo liliposhuka, vimiminika vilivyobanwa ndani ya jiwe vilitanuka na kutafuta njia ya kutokea. Maji yalishikiliwa na vitundu vya jiwe. Mafuta ndiyo yaliyosukumwa kwenye nyufa. Mwaka 1963 watafiti Elkins na Skov waliripoti kwamba katika eneo la maili 9 za mraba mafuta yalitoka kwa kasi iliyozidi kwa angalau asilimia 50 ile ya kunyonya maji chini ya shinikizo lisilobadilika, tena yakiwa na maji machache. Ni mojawapo ya matokeo ya kuvutia zaidi katika taaluma hii, kwa sababu pampu iliyozimwa ilifanya kazi ambayo pampu iliyowashwa haikuiweza.

Katika Umoja wa Kisovyeti, mtafiti M. L. Surguchev alifikia wazo hilohilo mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na tatizo tofauti kidogo: tabaka zinazopitisha maji kwa urahisi zilizolaliana na tabaka zilizobana, maji yakipita kwenye zile za kwanza pekee. Majaribio yalifuata katika maeneo ya Volga, kisha Siberia ya Magharibi. Huko hata majira yalihesabiwa, maana bomba la maji likisimama wakati wa baridi kali huganda.

Njia hii haihitaji mitambo mipya, na ndiyo sababu imedumu. Lakini faida yake hupungua kadiri vipindi vinavyorudiwa. Spraberry yenyewe, baada ya zaidi ya miaka 40 ya kusukumiwa maji, ilikuwa imetoa chini ya asilimia 15 ya mafuta yake.