Tarakimu ya Kumi na Tano
Katika kibanda kimoja cha Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, fundi alichukua simu yangu kuukuu ya mulika mwizi, akabonyeza *#06#. Zikatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu. "Hii ni orijino, mkubwa," akasema. "Namba yake inakubali hesabu. Zile feki za 2012 zilizimwa mtandaoni kwa sababu zilikataa." Hesabu ipi hiyo?

Fundi hakuijua, alijua tu kwamba ipo. Wa kibanda cha pili aliapa kuwa ilibuniwa na watengenezaji wa simu. Wa tatu akanong'ona kuwa ni siri ya serikali. Siri gani inayojulikana na mtaa mzima?

Nikaingia kwenye kumbukumbu za hataza za Marekani. Hesabu hiyo ipo, hataza namba 2,950,048: iliombwa 1954, ikatolewa 1960, kwa kifaa kidogo cha kuhakiki namba. Simu ya mkononi ya kwanza ilipigwa 1973. Kwa hiyo kibanda cha pili kilikosea, na cha tatu pia, maana hataza husomwa na yeyote. Sasa kifaa hicho kilikuwa kinawinda nini?

Matatu ya Kangemi ilipokwama Waiyaki Way, nilitoa kalamu na risiti. Nilitumia namba ya kufundishia: 490154203237518. Kutoka kushoto, kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa 2. Ikizidi 9, unatoa 9. Hizo zilinipa 30. Zilizobaki, ukiiacha ya mwisho, ni 22. Jumla 52. Ongeza ile 8 ya mwisho: 60, inagawanyika kwa 10 bila baki. Tarakimu ya kumi na tano haina kazi nyingine. Nikageuza 49 ya mwanzo kuwa 94, ikakataa. Nikairudisha, nikageuza 90 inayofuata kuwa 09. Ikapita kana kwamba sijagusa kitu! Kumbe mtego huu ni wa karani aliyeteleza kidole, tena una tundu. Mwizi je?

Mwizi hana shida. Katika kila namba kumi zinazotofautiana tarakimu ya mwisho tu, moja hupita. Hata sifuri 15 tupu zinapita, kwa kuwa jumla yake ni 0. Na anayenakili namba halali kwenye simu elfu moja ananakili pia tarakimu yake ya mwisho. Basi usiku wa Septemba 30, 2012, simu feki zilipozimwa, zilitambuliwaje?

Kwa orodha. Mwaka ule wananchi walituma IMEI za simu zao kwa namba fupi ya 1555, na jibu halikutoka kwenye kuzidisha kwa 2. Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu. 6 zinazofuata ni za simu yenyewe, hivyo kila msimbo wa tarakimu 8 hutosha simu milioni moja tu. Zile 8 zisipokuwa kwenye orodha, simu haitambuliki. Hadithi ya Luthuli, kwa maoni yangu, ni nusu kweli: hesabu inaweza kukataa namba, haiwezi kuithibitisha simu. Na yangu je?

Nilipofika nyumbani nilifungua mfuniko, nikatoa betri. Namba iliyo kwenye kibandiko si ile aliyonionyesha fundi kwenye kioo. Nilizipima zote mbili. Zote zinapita.