Rangi ya Maji ya Kunde

Kompyuta mpakato haijui rangi. Inajua namba. Kila nukta ya skrini hupewa namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255, nayo hung'aa kwa kadiri ya namba hizo. Tabu ni kwamba namba zilezile hazing'ai sawa kwenye skrini mbili. Moja huegemea ubuluu, nyingine umanjano, ya tatu imefifia kwa uzee. Ndiyo maana sisi tunaoskani na kurekebisha picha za zamani hununua kifaa kidogo cha kupimia rangi. Unakining'iniza mbele ya skrini, rangi zinapita chini yake moja baada ya nyingine, kinazisoma, halafu kinaandika faili la masahihisho. Kazi ya dakika chache. Lakini kusahihisha ni kulinganisha na kitu, na kitu hicho kina historia yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, W. David Wright wa Imperial College, London, na John Guild wa Maabara ya Taifa ya Fizikia kule Teddington, walifanya majaribio yanayofanana, kila mmoja kivyake. Mtu aliketi akachungulia eneo dogo lililogawanywa pande mbili. Upande mmoja ulikuwa na mwanga wa rangi moja tupu. Upande wa pili ulikuwa na mchanganyiko wa taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kazi yake ilikuwa kuongeza na kupunguza taa hizo mpaka pande mbili zilingane, asiweze tena kuona zinapokutana. Wright alitumia watazamaji 10, Guild 7. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilikutana Cambridge, ikayaunganisha matokeo yao na kupata kile ilichokiita mtazamaji wa kawaida. Macho ya watu 17 yakawa jicho la dunia.

Silaumu. Jicho moja lilihitajika, na yale 17 yalifanya kazi yake vizuri kiasi kwamba hesabu zao bado zinatumika. Mwaka 1996, Hewlett-Packard na Microsoft walipopendekeza kiwango cha rangi kiitwacho sRGB, nyekundu yake, kijani yake na buluu yake zilielezwa kwa hesabu hizo za 1931. Nyeupe yake ni ile inayokaribia mwanga wa mchana. Mwaka 1999 pendekezo likawa kiwango cha kimataifa, na leo picha nyingi za intaneti huchukuliwa kuwa za sRGB.

Hata baada ya hapo watu hawakukubaliana giza lianzie wapi. Kuna kipimo kiitwacho gama, kinachoamua rangi za katikati, zisizo nyeupe wala nyeusi, zionekane nzito au nyepesi kiasi gani. Kompyuta za Mac zilitumia 1.8, za Windows 2.2, hadi Apple ilipohamia 2.2 mwaka 2009. Kwa miaka mingi picha iliyoonekana sawa kwenye Mac ilitiwa giza ikifunguliwa kwenye Windows. Kwa mawingu si kitu. Ila nyuso za watu wetu nyingi zinaishi hukohuko katikati.

Picha za zamani zilisawazishwa kwa njia nyingine kabisa. Hadi mwaka 1954, nchini Marekani, aliyenunua filamu ya rangi ya Kodak alilipia na kusafishiwa humohumo. Mwaka huo kampuni ilikubali kuacha utaratibu huo, na maabara huru zikaruhusiwa kusafisha. Ili mashine zao zitoe rangi inayotakiwa, Kodak iliwapelekea kadi yenye picha ya mwanamke, na fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke vizuri. Wa kwanza aliitwa Shirley, mfanyakazi wa Kodak, na kadi zote zilizofuata zikaitwa kwa jina lake hata sura zilipobadilika. Alikuwa mzungu, na kwa miongo kadhaa waliomfuata walikuwa wazungu. Mtafiti Lorna Roth wa Montreal aliwahoji watu wa Kodak, akasimuliwa kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuwa za kawaida miaka ya 1990.

Hata jirani zetu walisikia kasoro hiyo ikitajwa. Inasimuliwa kwamba Jean-Luc Godard, alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mwaliko wa serikali, alikataa kutumia filamu ya Kodak, akisema ina ubaguzi.

Mimi nilikutana na Shirley kwenye harusi ya shangazi yangu. Picha ni ya mwaka 1986. Bwana harusi yupo, shela limetoka jeupe safi, maua yanahesabika. Uso wa shangazi ni kivuli chenye macho na meno. Alifariki kabla sijaanza shule, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganishia. Nilimfungulia mama picha hiyo kwenye kompyuta, akaitazama kwa muda.

"Wifi yangu alikuwa maji ya kunde," akasema. "Huyu mmempaka masizi."

Skrini nilikuwa nimeisawazisha asubuhi ileile. Hapo ndipo niliposhika faida halisi ya kifaa kile. Hakirudishi rangi iliyopotea. Kinaitoa skrini kwenye orodha ya watuhumiwa. Giza lile halikuwa la kompyuta, lilikuwa ndani ya karatasi, na lilitiwa humo siku picha iliposafishwa. Karatasi ya picha haina nafasi ya kubeba vyote, weupe mkali wa shela na ngozi nyeusi iliyo kando yake. Mashine iliyofundishwa kwa Shirley ilichagua shela.

Lugha yetu ina desturi yake ya kusawazisha rangi. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Hupewi namba, unaelekezwa ukatazame kitu chenyewe. Anayetaka kujua ngozi ya maji ya kunde ikoje abandike kunde jikoni, atazame maji yake.

Mama aliponiletea negativu, zilikuwa kwenye kopo la biskuti, zimekunjwa ndani ya bahasha ya studio. Nilipoiskani ile ya harusi, filamu ilikuwa imehifadhi zaidi ya karatasi. Mashavu yalijitokeza, na ukingo wa taya, na kishimo kidogo kidevuni ambacho sikujua kuwa anacho. Rangi lakini haikuwa na uhakika. Wino wa filamu hufifia, na baada ya karibu miaka arobaini ni lazima mtu aamue.

Mtu huyo ni mama, na mama ana mtoto wa jicho. Huona vitu vina umanjano. Nilijiuliza jicho hilo lingeamuaje. Yeye hakujiuliza. Alimwita mdogo wangu wa kike, ambaye tangu utotoni huambiwa kamchukua shangazi, akamketisha mlangoni penye mwanga wa mchana, akamwambia aweke mkono kando ya skrini.

"Ongeza wekundu. Kidogo. Punguza. Hapo, usiguse."

Bila kujua alikuwa akirudia jaribio la Wright na Guild: pande mbili, na taa tatu za kuongeza na kupunguza. Umanjano wa jicho lake uliuangukia mkono na skrini pia, hivyo haukumzuia sana kuona vinapolingana.

Shavu la shangazi sasa lina namba tatu: 141, 93, 68. Nimelihifadhi kwa sRGB, ili atakayelifungua kwenye skrini iliyosawazishwa aone tulichokiona mlangoni. Kati ya waliomjua akiwa hai, mama ndiye anayeweza bado kukaa na kutazama. Albamu ina picha nyingine 31. Tunafanya mbili kwa siku, mchana, kabla jua halijageuka.