Alitaka Kucheza Gemu Moja Tu, Akaishia Kubadilisha Historia: Kisa cha Magemu na Linux

Mwaka 2017 kuna kijana mmoja wa Ujerumani alikuwa na shida ambayo kila mpenda magemu anaijua. Gemu kali limetoka, linaitwa NieR: Automata, mtandaoni kila mtu analiongelea, yeye hawezi kulicheza. Kompyuta anayo, tena nzuri tu. Tatizo ni kwamba kompyuta yake ilikuwa inatumia Linux, na gemu lilitengenezwa kwa ajili ya Windows.

Wengi wangemaliza mambo kirahisi: weka Windows, maisha yaendelee. Jamaa hakutaka. Akakaa chini akaanza kuandika programu yake mwenyewe ili hilo gemu moja liwake. Kumbe alikuwa anafungua mlango ambao watu waliugonga kwa zaidi ya miaka 20 bila kufunguliwa.

Linux ni nini hasa?

Kama hujawahi kuisikia, usijali, kuna uwezekano mkubwa unaitumia sasa hivi. Simu zote za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Ilianza mwaka 1991, kazi ya mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, aliyeamua kuweka msimbo wake wazi ili yeyote auchukue, aubadilishe na kuusambaza. Hakuna kununua leseni, hakuna kutafuta namba za kukraki.

Kwenye seva na simu Linux ilishinda zamani. Kwenye kompyuta za nyumbani ndiyo ikakwama, na sababu moja kubwa ilikuwa magemu. Mtu anaipenda kabisa, anaisifia wiki nzima, halafu Jumamosi washkaji wanakuja na padi mkononi. Anarudi Windows kimya kimya.

Mwanzo ulikuwa mtamu

Cha kushangaza, mambo yalianza vizuri. Doom, lile gemu la kupiga mashetani lililotoka Desemba 1993, lilifika kwenye Linux mwaka 1994 tu. Mfanyakazi mmoja wa id Software ndiye aliyelihamisha. Na mwaka 1997 kampuni ilipoamua kuachia msimbo wa Doom hadharani, iliachia toleo la Linux, kwa sababu toleo la DOS lilikuwa na programu ya sauti ambayo ni mali ya watu wengine. Ndiyo maana leo Doom inachezwa mpaka kwenye vitu visivyoeleweka.

Mwaka 1998 ikaja kampuni ya Loki huko California, Marekani. Biashara yake ilikuwa moja: kuchukua magemu makubwa ya Windows, kuyatafsiri kwa ajili ya Linux na kuyauza dukani. Walianza na Civilization: Call to Power mwaka 1999. Kazi yao ilikuwa safi, wateja wakawa wachache. Gemu la Linux lilikuwa linachelewa kutoka, na mtu mwenye Windows pembeni alikuwa ameshalinunua na kulimaliza. Mwezi Januari 2002 Loki ikafunga milango.

Ila kuna kitu kilibaki. Mhandisi mmoja wa Loki alikuwa ametengeneza zana inaitwa SDL, inayomsaidia mtengenezaji wa gemu kuandika mara moja na kulipeleka kwenye mifumo tofauti. Ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kampuni ilikufa, zana ikaishi. Miaka kumi baadaye mhandisi huyo aliajiriwa Valve. Kumbuka hilo jina.

Mkalimani aliyechelewa

Kwa nini gemu la Windows lisiwake tu kwenye Linux? Iko hivi. Gemu halichori picha lenyewe. Linatoa maagizo: weka taa hapa, chora ukuta pale. Kwenye Windows maagizo hayo yanaandikwa kwa lugha ya DirectX, mali ya Microsoft tangu miaka ya 90. Linux haina lugha hiyo. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani wa Kariakoo oda iliyoandikwa Kichina. Kitambaa anacho, cherehani anayo, ufundi anao, ila haelewi unataka suruali au gauni.

Tangu mwaka 1993 kulikuwa na mradi wa watu wa kujitolea unaitwa Wine, kazi yake kuwa mkalimani. Ilichukua miaka 15 kufikia toleo la 1.0, mwezi Juni 2008. Na kila mkalimani alipojifunza maneno mapya, Microsoft ilikuwa imeshaongeza mengine. Kucheza gemu jipya kwa Wine kulihitaji moyo: unabadilisha faili hili, unafuta lile, unasoma maelekezo ya mtu usiyemjua saa nane usiku, halafu skrini nyeusi.

Bosi aliposhtuka

Mwaka 2012 upepo ukabadilika. Windows 8 ilikuwa inakuja na duka lake la programu ndani. Bosi wa Valve, wenye duka la magemu la Steam, hakuficha hofu yake. Aliiita Windows 8 janga. Hesabu yake ni rahisi kuelewa: biashara yako yote ipo kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja kaanza kujenga duka kama lako.

Valve wakaanza kuhamishia gemu lao la mazombi, Left 4 Dead 2, kwenye Linux. Toleo la kwanza lilikuwa aibu tupu, picha 6 kwa sekunde. Wakakomaa. Agosti 2012 wakatangaza limefika picha 315 kwa sekunde, wakati kwenye kompyuta ileile Windows 7 ilitoa 270.6. Mashabiki wa Linux walichachawa!

Steam ya Linux ikazinduliwa rasmi tarehe 14 Februari 2013. Siku ya wapendanao, bila shaka. Mwaka 2015 zikafuata Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye Linux. Hapo ndipo mambo yakazingua. Magemu yaliyotafsiriwa yalikuwa machache, makubwa mengi hayakuwepo, na wanunuzi wakapita pembeni. Ugonjwa uleule uliowaua Loki.

Kijana na gemu lake

Sasa turudi kwa Mjerumani wetu. NieR: Automata ilitumia DirectX 11, na hapo mkalimani wa Wine alikuwa bado anababaika. Lakini mwaka 2016 ilikuwa imetoka lugha mpya ya picha inaitwa Vulkan, iliyo wazi na inayoelewana na kadi ya picha karibu zaidi, bila mzunguko mrefu. Jamaa akajiuliza: vipi kama maagizo ya DirectX 11 yakageuzwa kuwa Vulkan moja kwa moja?

Mradi akauita DXVK, akauweka mtandaoni bure. Lengo la kwanza lilikuwa lilelile, NieR iwake. Ikawaka. Watu wakaanza kujaribu magemu mengine, nayo yakawaka, tena kwa kasi ambayo Wine haikuwahi kuifikia. Mwezi Februari 2018, miezi michache tu tangu aanze, Valve walikuwa wameshamvuta, wanamlipa afanye kile alichokuwa anakifanya kwa mapenzi.

Tarehe 21 Agosti 2018 Valve wakaachia Proton: Wine, DXVK na marekebisho yao yamefungwa pamoja ndani ya Steam. Mchezaji anabonyeza kitufe cha kucheza, basi. Waliianza na magemu 27 yaliyohakikiwa. Tekken 7 ilikuwemo. Na ndiyo, NieR: Automata ilikuwemo pia.

Somo la Loki lilikuwa limeeleweka. Badala ya kumbembeleza kila mtengenezaji atafsiri gemu lake, tengeneza mkalimani mmoja mzuri, asilimia kubwa ya kabati zima itafunguka kwa mpigo.

Februari 2022 ikaingia sokoni Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux, na wengi walioinunua hata hawakujali ndani kuna mfumo gani. Wiki hiyohiyo ilitoka Elden Ring, gemu lililosubiriwa dunia nzima. Kwenye kompyuta za Windows likawa linakwamakwama, watu wanalalamika. Wahandisi wa Valve wakarekebisha tatizo ndani ya Proton, na wenye Deck wakacheza vizuri zaidi kwenye upande huo kuliko wenye Windows, mfumo ambao gemu lilitengenezewa. Mkalimani akaongea kuliko mwenye lugha.

Mlango mmoja bado umefungwa

Usikimbilie kufuta Windows yako kwanza. Magemu ya mtandaoni yana walinzi wa kukamata wadanganyifu, na wengine wanataka kuingia mpaka kwenye kiini cha mfumo. Mkalimani hawezi kuwatafsiri hao bila mwenye gemu kukubali. Mwaka 2021 baadhi ya walinzi maarufu waliruhusu Proton, lakini uamuzi umebaki kwa kila kampuni. Fortnite imekataa. Apex Legends ilikubali, kisha Oktoba 2024 ikafunga mlango, ikisema wadanganyifu wanajificha Linux. Na kwa wale wa mpira: tangu FIFA 23 iweke mlinzi wake mpya, upande wa Linux ikawa kilio.

Kwa hiyo vita haijaisha, ila imehama. Zamani swali lilikuwa kama Linux inaweza kucheza gemu. Hilo lilijibiwa na watu wa kujitolea, kampuni iliyofilisika, bosi mwenye hofu na kijana mmoja aliyegoma kuhama. Swali la sasa ni kama mwenye gemu anataka ucheze ukiwa huko.

Wakati huohuo, Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazina vigezo vya kupokea Windows 11. Kuna watu wataanza kuitafuta njia ile aliyoichonga kijana wa Kijerumani, na wengi hawatajua kwamba yote yalianza kwa sababu mtu alitaka kucheza gemu moja tu.

Wewe gemu gani likikosekana huwezi kuhama? Na kama ulishawahi kujaribu Linux ukarudi Windows kimya kimya, sema ukweli hapo chini, hakuna atakayekucheka. Sana.