Python na Msururu wa Zana za Kusakinisha Vifurushi

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaani wakichora mifereji, madaraja na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko, Tandale ya Kinondoni ikiwemo. Mradi huo, Ramani Huria, ulitumia programu ya ramani ya QGIS, na athari za mafuriko zikakadiriwa kwa InaSAFE, kiongezo cha QGIS kilichoandikwa kwa lugha ya Python.

Anayejifunza kazi hii kwenye Windows hukutana mapema na kizingiti. QGIS huja na Python yake. Akisakinisha kifurushi kwenye Python nyingine iliyomo katika kompyuta hiyohiyo, QGIS haikioni. Wengi hudhani kosa ni lao, kumbe tatizo lina historia ndefu.

Zana ya kwanza, Distutils, iliyoingizwa ndani ya Python mwaka 2000, ilijua kufungasha na kusakinisha, basi. Vifurushi vingine vilivyohitajika mtu alijitafutia. Ghala la pamoja, PyPI, lilikuja 2003. Mwaka uliofuata Phillip Eby akatoa setuptools pamoja na easy_install, ambayo ilivuta vifurushi hivyo yenyewe lakini haikuwa na amri ya kuviondoa. Ian Bicking akaleta virtualenv mwaka 2007, ili kila mradi uwe na vifurushi vyake, kisha kisakinishi cha pip mwaka 2008.

Wanasayansi walibaki na shida yao. Maktaba zao za hesabu, NumPy na SciPy, zina sehemu za C na Fortran, na kabla ya vifurushi vya wheel vilivyokwisha kuandaliwa, kuzisakinisha kwa pip kwenye Windows kulikuwa mateso. Ndiyo maana zana ya conda ilizaliwa mwaka 2012, nje kabisa ya mfumo wa pip. Kila zana iliziba pengo la kweli. Walichokosa watunzaji wa Python ni uamuzi wa mapema wa kuifanya kazi hii iwe ya lugha yenyewe, na gharama yake haikugawanyika sawa: kisakinishi cha Anaconda, mkusanyiko unaokuja na conda, kina mamia ya megabaiti, na mwanafunzi anayetegemea bando la simu hulipia kila jaribio lililokwama.

Pipenv ilifuata 2017, Poetry 2018, kila moja na faili lake la kurekodi matoleo, lisilosomeka na mwenzake. Distutils iliondolewa katika Python 3.12, Oktoba 2023. Miezi michache baadaye kampuni ya Astral ikatoa uv, yenye kasi kubwa, na mwaka 2025 muundo mmoja wa faili hilo, pylock.toml, ukapitishwa.

Tangu mwaka 2016 amri ya pip download imekuwepo, na inastahili kufundishwa siku ya kwanza. Mmoja hushusha vifurushi vyote kwenye folda penye intaneti nzuri, anaviweka kwenye flashi, na mwenzake wa Temeke anasakinisha bila kutumia hata megabaiti moja, mradi mfumo wa kompyuta na toleo la Python vilingane.