Kumisi, au Silinda Kuruka Zamu

Mpigie fundi simu umwambie injini yako "inashindwa kuwaka", naye atakuja na betri mkononi. Akukute barabarani unaendesha, gari linachechemea lakini linakwenda, atakushangaa. Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza misfire ndiyo inayomjia haraka mtu ambaye hajawahi kuisikia hali yenyewe. Injini haikushindwa. Iliyoshindwa ni silinda moja, tena pengine kwa mapigo machache tu, huku nyingine zikiendelea na kazi.

Gereji wanaita kumisi. Asili yake ni Kiingereza, ambako lilisemwa kwa bunduki kabla ya injini: kifyatulio kimevutwa, risasi haikutoka. Sina ugomvi nalo. Linatamkika, linanyambulika (inamisi, ilimisi, imeacha kumisi), na halichanganywi na yule misi wa mashindano ya urembo. Upungufu wake ni kwamba halimwonyeshi anayejifunza kilichokosekana. Kwa vitabu vya ufundi napendekeza kuruka zamu.

Chukua Volkswagen Beetle ya zamani. Silinda zake 4 huwaka kwa zamu ya 1-4-3-2, kila moja mara moja katika mizunguko 2 ya injini. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda inadaiwa mapigo 400. Mmoja akiruka zamu yake hakuna wa kuifidia, na kwa kuwa injini iko nyuma, abiria wa kiti cha nyuma huusikia mtikisiko mgongoni.

Ukishaliita tatizo hili kuruka zamu, swali linajileta: nani ameruka? Mafundi wa magari haya huchomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikinguruma, kwa koleo lenye mpini wa mpira, maana koili hutoa volti maelfu. Ukichomoa wa silinda nzima, injini inazidi kulemaa. Ukichomoa na mlio usibadilike, umempata mtoro.

Fungua plagi yake. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yalifika ila cheche haikuja: kagua waya wake na kifuniko cha distribyuta, ambacho ufa mwembamba kama unywele unatosha kukiharibu. Masizi meusi makavu yanamsema kabureta anayemwaga mafuta kupita kiasi. Weupe wa chokaa huashiria hewa inayoingia kwa wizi. Na plagi ikiwa na rangi nzuri ya kahawia, pima mgandamizo, kwani huenda vali haifungi. Hapo mimi humshuku kwanza namba 3: katika injini nyingi za zamani za Beetle hukaa nyuma ya kipoza oili na kupulizwa hewa iliyokwisha kupata joto.

Lakini zikiwa zinaruka zote, leo hii kesho ile, achana na plagi. Kosa liko kwenye kile wanachokula pamoja: koili, kondensa, petroli yenye maji, au pointi, ambazo kwenye Beetle zinapaswa kuachana kwa milimita 0.4. Kondensa ikichoka, pointi huungua na cheche hudhoofika kwa silinda zote.

Kumisi linazifunika hali zote mbili, zamu inazitenganisha. Hata hivyo gereji nitaendelea kusema inamisi. Nikimwambia fundi gari langu limeruka zamu, atanirudisha mwisho wa foleni.