Hongo, Fidia na Ukombozi: Historia ya Kulipia Mateka, Tangu Simbamwenni Hadi Gombe

Katika Msamvu, mjini Morogoro, hukutana njia kuu tatu: ile itokayo Dar es Salaam, ile iendayo Dodoma na ile iendayo Iringa. Msafiri apitaye hapo hulipa nauli yake basi, wala hapana mwenye nchi amdaiye kitu kwa kukanyaga ardhi yake. Katika karne ya 19 haikuwa hivyo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita chini ya milima ya Uluguru, na hapana budi kila msafara usimame Simbamwenni, mji uliozungushiwa kuta za mawe na Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, ambaye wasafiri wa zamani walimtaja kuwa mtekaji wa watu. Hapo ndipo mahali pafaapo kuanzia uchunguzi wa swali ambalo serikali za leo zaulizwa kila mara: watu wakishikwa mateka, je, yafaa serikali ilipe ili waachiliwe?

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Simbamwenni akienda kumtafuta Livingstone. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na mji ulitawaliwa na binti yake. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, wajumbe wa malkia huyo walikuja kambini kudai hongo, naye akakataa, akisema kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha lipa, na desturi ni kulipa mara moja tu. Baadaye askari wake waliorudi nyuma kumtafuta mpishi aliyepotea walikamatwa na kufungwa, wakanyang'anywa bunduki. Aliyewaokoa ni Mwarabu mmoja msafiri, aliyemwonya malkia juu ya nguvu za silaha za mgeni yule. Basi askari wakaachiliwa.

Kisa hiki ni kidogo, lakini chatufunza jambo kubwa. Kwa Stanley, kukamatwa kwa watu wake kulikuwa unyang'anyi. Kwa malkia, kulikuwa njia ya kudai haki ya nchi, kama mkopeshaji ashikaye rehani mpaka deni lilipwe. Neno lenyewe, hongo, labeba maana zote mbili. Hapo zamani lilikuwa jina la ada ya njia, iliyolipwa hadharani na kwa mapatano. Leo hongo ni mali itolewayo kwa siri ili kuipotosha haki. Neno halikubadilika sura. Kilichobadilika ni uhalali wa yule apokeaye. Ndiyo sababu mabishano juu ya kulipia mateka ni magumu kukata: pande mbili hazitofautiani juu ya kiasi cha mali tu, bali juu ya jina la mali hiyo.

Maneno mengine mawili yafaa kuangaliwa. La kwanza ni fidia, lililotoka katika Kiarabu, ambalo maana yake ya asili ni mali itolewayo badala ya mtu. Leo lasikika zaidi katika habari za ardhi na ajali, kwa maana ya malipo ya hasara. La pili ni kikomboleo, litokanalo na komboa, yaani kutoa mali ili kurudisha kilicho mikononi mwa mwingine, kiwe ni rehani au mtu. Katika shina hilohilo limekua neno ukombozi, ambalo tangu miaka ya 1960 limekuwa na maana ya kuondoa utawala wa kigeni. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam, na mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika ya Kusini kilifanya mkutano wake mkuu wa mashauri papa hapa Morogoro. Hivyo neno moja lilikuwa na watoto wawili: mmoja hununua uhuru kwa fedha, mwingine hutwaa uhuru kwa nguvu.

Kabla ya watoto hao kukutana, kulikuwa na ukombozi wa aina nyingine uliohusu sana nchi hii. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misioni Bagamoyo mwaka 1868, walinunua watoto watumwa na kuwalea. Katika miaka ya 1880 walifungua misioni Morogoro, na miongoni mwa waliokaa katika vijiji vya misioni zao za bara walikuwamo watu waliokombolewa hivyo. Walikuwako waliowalaumu mapadri, wakisema kwamba kila anunuaye, hata akinunua kwa huruma, ni mnunuzi, na mtekaji hamwulizi mnunuzi nia yake. Hoja hiyo ni nzito, maana mchovya asali hachovyi mara moja. Lakini yafaa kuuliza pia ni nini kilichofunga soko la watumwa la Unguja. Si kukataa kwa mapadri kununua, wala si kununua kwao. Ni mkataba alioutia sahihi Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, pamoja na manowari zilizosimama nyuma yake. Na yule mtoto aliyekombolewa kabla ya siku ile hakuwa hoja, alikuwa mtu.

Vita vya pwani vya 1888 na 1889 vyatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1888 Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara, walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim al-Harthi, wakafungwa minyororo, na wakaachiliwa kwa kikomboleo cha rupia kama 10,000. Mwezi Januari 1889 misioni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Hao nao walikombolewa kwa mali, na wasuluhishi walikuwa mapadri wa Bagamoyo. Mtu aweza kusema kwamba malipo ya kwanza yaliwaita watekaji mara ya pili. Lakini Abushiri hakuwa akipigana ili apate rupia. Alipigana kwa sababu kampuni ya Kijerumani ilitwaa forodha na bendera za pwani. Mateka kwake walikuwa silaha moja miongoni mwa silaha nyingi, na kama rupia zisingalipwa, vita vingaliendelea vilevile. Mwisho wa Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa mark milioni mbili kwa ajili ya jeshi la Wissmann, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Miaka 86 baadaye swali lilirudi, na safari hii lilikuwa mbele ya serikali huru. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha wapatao 40 walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakaingia kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, wakachukua watu wanne: wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na mtafiti mmoja Mholanzi. Watekaji walikuwa wa chama cha PRP, kilichoongozwa na Laurent Kabila. Walijiita wapigania ukombozi, na walichodai ni kikomboleo: fedha zilizotajwa kuwa dola 460,000 hivi, silaha, na kufunguliwa kwa wenzao waliofungwa Tanzania.

Hapa ndipo wale watoto wawili wa neno moja walipokutana. Tanzania ilikuwa mwenyeji wa wapigania uhuru wa nchi nyingi. Lakini Serikali ya Mwalimu Nyerere haikukubali kwamba mtu aweza kuitwa mkombozi kwa kuteka wanafunzi katika nchi ya jirani. Haikulipa, wala haikufungua wafungwa. Serikali ya Marekani nayo ilikuwa na kanuni ya kutokubali masharti. Kanuni hiyo ilikuwa imekwisha gharimu damu: mwezi Machi 1973, mjini Khartoum, Rais Nixon alitamka kwamba hatalipa, na wanadiplomasia wawili wa Kimarekani na mmoja wa Ubelgiji wakauawa.

Hata hivyo Balozi wa Marekani mjini Dar es Salaam, Beverly Carter, hakufunga mlango. Ubalozi wake uliwasaidia jamaa za mateka waliokuja kufanya mapatano, jamaa wakalipa kikomboleo, na kufikia mwisho wa Julai wote wanne walikuwa wameachiliwa wakiwa hai. Henry Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikasirika, na Carter akanyimwa ubalozi wa Denmark aliokuwa akiutazamia. Mwezi Mei 1997 Kabila akawa Rais wa Kongo.

Je, nani alikuwa na haki? Wakatao malipo wasema kwamba fedha ya leo hununua bunduki ya kesho. Maneno hayo si bure. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba kati ya 2005 na 2012 maharamia wa Kisomali walilipwa baina ya dola milioni 339 na milioni 413. Meli Faina, iliyokuwa ikileta vifaru Mombasa, peke yake ililipiwa dola milioni 3.2 mwezi Februari 2009. Lakini uharamia huo ulipopungua baada ya 2011, haukupungua kwa kuwa wenye meli walikataa kulipa. Ulipungua kwa kuwa manowari zilishika doria na meli zikachukua walinzi wenye silaha. Ni habari ileile ya soko la Unguja.

Kwa hiyo historia yaonyesha kwamba kulipa na kukataa kulipa, vyote viwili, ni dawa ya maumivu, si dawa ya ugonjwa. Serikali ilipayo kwa hazina yake hugeuza kila raia wake kuwa mali yenye bei inayojulikana. Basi haifai ilipe, na hivyo ndivyo Baraza la Usalama lilivyohimiza katika azimio nambari 2133 la tarehe 27 Januari 2014. Bali kukataa kulipa si kukataa kusema, wala si ruhusa ya kumwadhibu mzazi amkomboaye mwanawe. Marekani yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2015, Rais Obama alipotangaza kwamba serikali yake bado haitakubali masharti, ila yaweza kuzungumza na watekaji, na jamaa walipao hawatashtakiwa. Alilotendewa vibaya Carter kwa ajili yake likawa utaratibu baada ya miaka 40.

Hongo ya njia ilikoma Simbamwenni pale mamlaka ya njia ilipobadilika, wala si kwa sababu msafiri mmoja alishupaa au mwingine alitoa nguo zake. Wajibu wa kwanza wa serikali, basi, ni kulinda njia. Pale iliposhindwa kuilinda, haina haki ya kumwambia aliyetekwa kwamba uhai wake ndio utakaolipa gharama ya kanuni.