Karatasi ya Ugenini, Mkono wa Siyu

Mji wa Siyu, kisiwani Pate, haukutengeneza karatasi. Karatasi zake zilikuja kwa vyombo kutoka Ulaya, hasa Italia, na baadhi ya kurasa ukiziinua mwangani utaziona hilali tatu zilizofichwa ndani yake. Hata hivyo, katika karne za 18 na 19 waandishi wa Siyu waliigeuza bidhaa hiyo ngeni kuwa amali ya kwao. Kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano walinakili misahafu, wakazitia kurasa nakshi, nao mafundi wa ngozi, waliousifisha mji huo, wakaijalidi.

Siyu iliyawahi kuyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said. Mwaka 1863 ikamwangukia Sultani Majid. Baadaye ikaenea misahafu ya chapa kutoka Bombay, mingi na ya bei nafuu. Kalamu ikakosa kazi.

Leo msahafu mmoja wa Siyu umehifadhiwa Fowler Museum, Los Angeles. Chapa haikupunguza hata herufi moja ya Kitabu. Kilichopotea ni mkono: ule uliomfanya msomaji aufunuapo ukurasa ajue umeandikwa kwao.